Majembe ya Bure Yaliyokosa Mchukuaji

Bei ya mkonge ilipoporomoka, mwanzoni mwa miaka ile ya thelathini, Filemoni aliona kama imemwangukia yeye peke yake. Kumbe walikuwa wengi. Alikuwa msaidizi katika karakana ya shamba moja huko tambarare, akinoa visu vya wakataji na kunyoosha vyuma vya mitambo, na kazi hiyo aliipenda kuliko kula. Asubuhi moja msimamizi akawaambia kila mtu achukue shuka lake aende kwao. Filemoni akapanda milima ya Upare kurudi kijijini kwao Mamba, kwa mkewe Ruthi na mama yake Esta.

Hakukaa kitako akilia, hilo nampa haki yake. Alishuka Kihurio kuuliza kazi, akaenda na Ndungu. Alifika mpaka stesheni ya Same, akakuta wanaotafuta kazi wamejaa tele, wengine wamelala palepale. Mwenye duka mmoja akamwajiri kubeba magunia. Akayabeba majuma kadhaa na tumbo likashiba, lakini kila nyundo ikilia mahali, shingo inageuka yenyewe. Mtu akishapenda chuma, utamfanyaje? Akaacha, akarudi nyumbani.

Rafiki yake Daudi, waliyeachishwa naye kazi, alikuwa anajiandaa kwenda Tanga bandarini, na kila siku anamvuta: twende wote. Ruthi alikuwa na mimba yao ya kwanza.

"Ukienda sitakuzuia," Ruthi alimwambia. "Lakini nawajua waliokwenda. Mke wa Tumainieli mpaka leo hajui kama ana mume au hana."

Moyoni Filemoni akajiwekea mpaka: mvua za vuli zikianza naye hajapata kazi ya maana hapa milimani, ataondoka, na mtoto atazaliwa baba hayupo. Wazo hilo lilimkosesha usingizi.

Ndipo akili ikamjia. Majembe ya watu yalikuwa yamelika, na jipya la dukani nani angelimudu mwaka ule? Akaokota vyuma chakavu, akajenga moto nyuma ya migomba yake, akafua majembe mazuri ajabu, akayapanga kando ya njia ya gulioni. Watu walisimama, wakayashika, wakamsifu, wakapita zao. Akapunguza bei, hawakununua. Akasema leteni mahindi tu, hawakuleta. Mwishowe akasema chukueni bure. Jamani, jembe jipya, bure, na watu wanakwenda shambani na vipande!

Lililomuuma zaidi ni kumkuta mama yake analima na jembe kuukuu, na lile alilompa limelala chini ya ghala.

"Mama, jembe langu lina kasoro gani?"

"Halina kasoro, mwanangu," Esta alisema bila kuinua kichwa. "Lakini nani alikupa nyundo?"

Hapo Filemoni akaona haya. Katika milima ile chuma kina wenyewe, nao ni wahunzi wa ukoo wa Washana. Asiyepewa nyundo na mikono yao hafui, na shamba lililolimwa kwa chuma cha namna hiyo watu waliamini halitazaa. Kukaa kote kule karakana kulimsahaulisha, au alijifanya amesahau. Mimi nasema alijifanya.

Akayafunga majembe yake, akavuka bonde mpaka kwa Mzee Mshana, mhunzi wa eneo lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe unayegonga kule ng'ambo? Nakusikia. Unagonga vizuri, lakini unagonga kwa haraka kama mwizi."

"Nimekosa, mzee. Sikuja kujitetea, nimekuja kuomba kazi."

"Wanangu wote walishukia mashamba ya mkonge, na hata kazi zilipoisha hawakurudi. Nimebaki na mivukuto isiyo na mtu wa kuipulizia moto. Hiyo utaiweza?"

"Nitaiweza."

"Basi anza na hayo uliyokuja nayo. Yarudishe motoni."

Roho ilimuuma, sisemi uongo. Alipuliza moto huku akiyaangalia majembe yake yanageuka mekundu, na mzee akiyaponda yakawa vipande visivyo na jina. Tangu siku hiyo akawa mtu wa mivukuto, kazi ya vijana wadogo. Daudi alipita kumuaga akiwa safarini, akacheka mpaka akakaa chini: fundi mzima wa karakana anapuliza moto! Filemoni naye akacheka, maana cha kuchekesha kilikuwepo. Lakini alijifunza mengi pale, rangi ya chuma kilichoiva na subira ya kukingoja, na jioni alirudi kwa Ruthi amechoka na ameridhika. Kilichomkaba ni kwamba nyundo bado hajapewa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Mvua ya kwanza ilinyesha wakiwa kazini. Filemoni akaiacha mivukuto, akasimama.

"Mzee, nilijiwekea ahadi. Mvua imenikuta bila nyundo. Nadhani nikuage."

Mlangoni alikuwa amesimama Priska, mama mmoja wa kijiji cha juu, maji yanamchuruzika, jembe lake lililovunjika mkononi. Mzee akaichukua nyundo, akaitemea mate ya baraka, akamwekea Filemoni kiganjani.

"Mpe huyu," akamwambia Priska. "Mimi mkono unaniuma."

Priska akamtazama mzee, akamtazama Filemoni, kisha akalitoa jembe. Filemoni akalifua bila haraka. Alipomaliza akampa. Priska akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye makali.

"Bei gani, fundi?" akauliza.

Filemoni akamtazama mzee, nyundo bado mkononi, na habari ya kuaga ikaishia hapo. Ikabidi Mzee Mshana ndiye aitaje bei.