Mashavu ya Kariuki

Harufu ya viazi na ndizi mbichi zilizopondwa pamoja, zikianza kupoa kwenye sufuria, hunichefua hadi leo. Ni harufu nzito ya udongo na moshi, na ukichota kwa kijiko, rojo lenyewe hulia kama mguu unaochomolewa matopeni. Nilikuwa na miaka minane, nyumbani kwetu juu ya Othaya, miaka michache baada ya Uhuru, katika ile baridi ya Julai ambapo jua tulilisikia kwa jina tu. Mama alikuwa mjamzito tena, kwa hiyo alimwachisha ndugu yangu Kariuki ziwa kabla hajaweza kutembea. Yeye alishinda akichuma majani chai. Mimi nilitoka shule saa sita, na kazi yangu ilikuwa kumlisha mtoto.

Mama aliacha sufuria hiyo, na kando yake bakuli dogo la njahi, yale maharagwe yetu meusi, pamoja na kikombe cha maziwa yaliyosalia baada ya mengine kupelekwa dairi kuuzwa. "Wangui, menya njahi uponde ndani. Na hayo maziwa ni ya mtoto," aliniambia kila asubuhi. Nilizimenya, ndiyo, kisha nikazila. Maziwa nikayanywa nimeupa mlango mgongo. Rojo lilinitia kinyaa na nilikuwa na njaa; sina sababu nyingine ya kutoa. Kariuki nilimshindilia viazi vitupu, nikimbana pua alipokataa. Alipotapika, niliyakomba matapishi kwa kijiko nikamrudishia. 

Kisha akaanza kunona. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa, na wanawake waliopita kuchota maji wakasimama kumsifu. "Ona vile huyu mtoto ako na afya!" Nywele zake zikawa nyekundu na laini, na jirani mmoja akasema, kwa wivu kabisa, kwamba ameota nywele za kizungu. Hakuna aliyeuliza mbona ameacha kutambaa, mbona anakaa pale pale alipowekwa, kimya. Siku hizo unene ulikuwa ndio maendeleo. Kikundi cha akina mama kilipotangaza mashindano ya watoto wenye afya kwenye kambi ya chifu, Mama alimfumia Kariuki kofia mpya ya sufu.

Watoto walipimwa kwa mizani ya majani chai, mmoja mmoja, ndani ya kikapu. Kariuki aliwashinda wote. Vigelegele vikapigwa, na Mama alikuwa ameshanyoosha mikono kupokea beseni la zawadi, nesi aliyesimamia mizani alipoomba amshike mtoto kidogo. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki.

"Hii si mafuta, mama. Ni maji. Mnampa nini?"

Mama akamjibu: viazi, ndizi, njahi, maziwa. Nesi akamwambia mbele ya wote kwamba ni mwongo, kwamba maziwa anauza na mtoto anamjaza wanga mtupu. Mama akanigeukia. Nikatazama viatu vya nesi.

Kariuki alilazwa wiki nyingi, akapona kwa maziwa na maharagwe. Mama hakurudi tena kwenye kile kikundi. Hakuwahi kuniuliza neno, hadi tukamzika yeye mwenyewe miaka mingi baadaye.

Leo Kariuki anaishi Nyeri mjini na uzito umemlemea, safari hii mafuta kweli. Binti zake husukuma viazi kando ya sahani kana kwamba ni sumu, nami hukasirika. Ni ujinga ule ule wa kambi ya chifu, umegeuzwa upande tu. Viazi havikumkosea mtu. Kosa lilikuwa kuviacha peke yake kwenye sahani.

Krismasi iliyopita alikuja kwangu, akaninyooshea sahani. "Niwekee viazi kiasi cha ngumi, Wangui. Daktari amesema niongeze mboga na maharagwe." Nikampakulia njahi, nikaongeza. Akaonja, akacheka.

"Kama Mama hangeninyima hizi, lile beseni lingekuwa letu."

Wote mezani wakacheka, hata wajukuu ambao hawakumjua Mama. Nilikuwa na mwiko mkononi na maneno mdomoni. Badala yake nikamwongezea njahi.