Kengele ya Mtungi Ilivyonitoa Ibadani

Jumapili moja kengele ya kanisa letu ilipigwa, watu wakaingia ndani kusali. Mimi nikatoka mbio.

Wengine walidhani mapepo yamenipanda. Wala.

Naitwa Gaudence, fundi wa kuchomelea hapa Dodoma. Kengele ile ilikuwa nusu ya mtungi chakavu wa oksijeni, na niliukata mwenyewe. Nusu ya juu niliwapa kanisani waitundike. Ya chini nikaiziba kwa bamba nene, ikawa tangi la upepo la Fuso ya Zaidi, Mrangi anayefanya biashara ya nafaka. Alitaka honi ya kushtua Kondoa nzima.

Sasa kengele nzima ikigongwa huvuma. Ile ilitoa mlio mfupi, mkavu, ikanyamaza. Fundi yeyote anaujua mlio huo: chuma kina ufa.

Na mtungi ni ule ule, bana.

Nusu ya pili ilikuwa chini ya kiti anachokaa Mwajabu, mke wa Zaidi, kila safari. Wiki tatu zilishapita tangu nilifunge.

Kilichonimaliza ni hiki. Mzee Elieza, aliyenifundisha kazi, hakuruhusu tangi litoke gereji kabla halijajazwa maji na kupampiwa presha kupita ya kazi. Alikuwa anasema maji yakikosea utalowa, upepo ukikosea utazikwa. Siku ya kazi ya Zaidi maji yalikuwa ya mgao, bomba kavu, nami nina haraka zangu. Nikalijaza upepo, nikapaka povu la sabuni, sikuona kiputo cha kuvuja. Zaidi alipouliza kama limepimwa kwa maji, nikajibu ndiyo.

Basi nilipotoka kanisani nikampigia Zaidi simu, haipatikani. Nikapanda bodaboda kwenda Majengo, sokoni anakopakia nafaka, huku napiga tena na tena. Roho haikuwa yangu. Nilikuwa namwomba Mungu, halafu naona aibu, maana ibada yenyewe nimeikimbia.

Nikaikuta Fuso inaunguruma, Mwajabu ameshakaa kitini.

"Shemeji, shuka," nikamwambia. "Zaidi, zima gari. Hilo tangi sikulipima kwa maji. Nilikudanganya."

Makuli wakaweka magunia chini, wakanitazama. Nikajua jina langu pale Majengo ndiyo basi tena. Nikasema potelea mbali.

Zaidi akazima gari, akashuka taratibu, wala hakunigombeza. Akainama, akafungua koki ya tangi.

Hakikutoka kitu.

"Halijaingia upepo tangu nitoke kwako, fundi," akasema. "Ulipokuwa unalijaza, ulikwenda kusimama nyuma ya ukuta. Nikasema, kama mwenyewe analiogopa, mimi mke wangu nimkalishe juu yake?"

Mimi hata sikukumbuka kama nilijificha. Miguu ilijipeleka yenyewe.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akajibu kwamba alinistahi, akaona anisubiri niseme mwenyewe.

Aisee, nililia mbele ya makuli, mtu mzima na ndevu zangu.

Mchana ule ule tukalifungua tangi, tukalipeleka kwa Mzee Elieza, tukalijaza maji, tukapampu. Halikufika hata presha ya kazi. Likapasuka kando ya mshono, tukalowa wote watatu, na hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu mafundi, mteja anaweza asijue kusoma geji, lakini wewe anakusoma. Kazi unayoogopa kusimama karibu nayo, usimpe mwenzako akaikalie.