Mtungi wa Oili na Sahani ya Nduma

Habari ya kifo siku hizi haibishi hodi. Jumanne niliamka nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la mazishi katika simu, pamoja na watu wengi nisiowajua. Picha ya kundi ilikuwa ya mzee aliyevaa ovaroli ya buluu, ameketi juu ya gurudumu, akicheka na mtu ambaye haonekani pichani. Chini yake palikuwa na jina refu ambalo sikuwahi kulisikia. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni lake. Sisi tulimwita Fundi, basi, na upande ule wa Ruiru wenye mafundi kila kona, ukisema Fundi bila kuongeza neno watu walijua unamsema nani. Niliitazama picha hadi mwanga wa simu ukazimika, nikaendelea kuitazama hivyo hivyo gizani mwa kioo, na nikaliona tena bonde lililokuwa chini ya gereji yake, asubuhi, ukungu umelala juu ya majani mapana ya nduma, yale magimbi, kama blanketi ambalo hakuna aliyetaka kuliondoa. Nilikuwa na kitu chake. Nilikaa nacho miaka mingi, na sasa mwenyewe hayupo wa kukipokea.

Wanaonisoma hapa kila wiki wanajua kwamba niliacha shule mapema, na kwamba miguu yangu haijawahi kupatana na mahali pamoja. Nimechuma kahawa Thika, nimechonga mawe, nimebeba magunia sokoni. Kwenye gereji ya Fundi niliingia kwa sababu nilikuwa napita, nikasikia injini ikikohoa, nikataka kujua ndani mna nini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, lakini udadisi wangu haujawahi kukua. Aliniuliza, "Unajua kufungua nati?" Nikasema sijui. "Vizuri," akasema. "Basi hakuna aliyekufunza vibaya." Gereji yenyewe ilikuwa ua wa mabati kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na shamba dogo la nduma lenye chemchemi katikati. Mama mmoja alilima hapo peke yake. Shamba lile ndilo lililomweka mjini yeye na watoto wake. Majirani walichota maji kwenye ile chemchemi, na yaliyobaki yaliteremka polepole hadi mtoni.

Wakati ule kila gereji ilimwaga oili chafu chini. Hakuna aliyeiona kuwa kosa. Ilisaidia kulaza vumbi, na wengine walipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Fundi peke yake aliikinga kwa karai, akaimimina kwenye mitungi kwa faneli aliyoikata kutoka chupa ya plastiki, na kila Ijumaa tuliipakia kwenye pikapu yake mbovu tukaipeleka Thika. Huko kulikuwa na mzee mmoja Mhindi mwenye karakana ya kuyeyusha vyuma, aliyeichoma katika tanuri. Kila alipotuona langoni aliuliza, "Fundi, umeniletea chai yangu nyeusi?" Na Fundi alijibu, "Ya leo haina sukari, mzee." Walicheka kila Ijumaa kwa mzaha ule ule, kama watu wawili wanaosalimiana kwa mkono. Siku moja tukirudi nilimuuliza Fundi kwa nini anajisumbua, kwani yeye anaishi Mugutha na maji ya bonde lile hayanywi. "Mimi siyanywi," akasema, "lakini kuna anayeyanywa." Nikamuuliza basi na moshi wa lile tanuri je. Alibadilisha gia. "Huo moshi nao ni shida. Sijaufikia. Nimeanza na ya maji."

Ikaja Januari ya vumbi. Fundi alikwenda Murang'a kumzika shangazi yake, akaniachia gereji siku tatu. Siku ya pili alikuja mteja mwenye shati jeupe, akawa anajipangusa kila dakika. "Hapa kwenu ni gereji ama ni jangwa?" akaniuliza. Nikaona haya. Mitungi miwili ilikuwa pembeni ikingoja Ijumaa. Nilichukua mmoja nikaumwaga uani, nikatembea nao taratibu kama mtu anayenyunyizia bustani. Vumbi likalala. Ua uling'aa, mteja akaniambia sasa nimejua kazi, nami nilijisikia mwerevu sana. Alfajiri iliyofuata ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitarajia.

Fundi alirudi siku hiyo akiwa bado na kofia ya msibani. Hata hajaivua, yule mama akapanda mteremko akiwa na karai la maji mikononi. Aliliweka chini mbele yake. Juu ya maji kulikuwa na rangi zote za upinde wa mvua, zikizunguka taratibu, na nakiri kwamba zilikuwa nzuri. Nduma za upande wetu wa shamba zilikuwa zimelala katika tope linalong'aa.

"Fundi," mama akasema, "nimekuletea maji yako."

Fundi aliinama akaangalia ndani ya karai. Aliangalia ua. Mimi hakuniangalia hata kidogo.

"Ni mimi nilimwaga, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe wa mitungi?"

"Mtu huchoka, mama. Nilichoka."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao, spana mkononi. Neno moja lingetosha. Nilikuwa mtu wa kupita, ningefukuzwa ningeenda kwingine kama kawaida yangu, na hata hivyo mdomo wangu ulikataa kufunguka. Mama alitikisa kichwa, akalichukua karai lake, akashuka.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Fundi alijaribu kuyazoa. Alifunga gereji siku mbili, tukachimba ua wote kwa jembe, tukapakia udongo ule kwenye magunia. Tukatandaza vumbi la mbao kila mahali, likanyonya oili iliyobaki, nalo tukalizoa. Tulichimba mfereji ili maji ya uani yasifike tena shambani. Tuling'oa nduma zote za upande wetu. Chemchemi haikuwa imefikiwa, wala nduma za upande wa pili, lakini habari hukimbia kuliko maji. Sokoni wanawake walianza kuuliza, "Hizo si ndizo nduma za gereji?" Mama akawa anabeba gunia asubuhi na kurudi nalo jioni likiwa zito vile vile. Tulimwona akipita, nasi tulijua kwamba msimu mmoja wa namna hiyo ungemrudisha alikotoka.

Hapo ndipo Fundi alipobadilisha kifungua kinywa chake. Alikuwa mtu wa mkate na chai. Sasa kila asubuhi saa moja, watu wa Ruiru wakishuka kwenda kituo cha treni, walimkuta ameketi juu ya gurudumu kando ya barabara, sahani ya nduma mapajani, kikombe cha chai chini. Alizinunua kwa mama, za upande wa pili, akamwomba amchemshie. Alikula polepole, akisalimia kila mtu. Wakamfanyia dhihaka, kama ilivyo desturi yetu.

"Fundi, ukila hizo si hutahitaji servisi mwaka mzima?"

"Ndiyo maana nakula mbili."

"Haiya, na zikikuzima njiani?"

"Utanisukuma. Wewe si una mabega?"

Asubuhi ya kwanza walicheka. Wiki ya pili mmoja alisimama akaomba kipande, akala huku wenzake wakimtazama kana kwamba atawaka. Mwezi haujaisha, mama alikuwa na meza yake hapo hapo kando ya barabara, na watu wa treni wakinunua nduma moto wamezifunga kwenye karatasi. Siku zote hizo Fundi alinisogezea sahani. "Chukua moja." Nami nilisema, "Nimeshiba, Fundi." "Umeshiba nini, na saa hizi ni saa moja?" Nikarudi kwenye injini. Mimi niliyeujua ukweli, niliyejua kwamba nduma zile zilikuwa safi, sikuweza kula hata moja.

Baadaye niliondoka, kama ninavyoondoka kila mahali. Miaka ikapita, nikajikuta Malindi, nimesimama pale Mto Sabaki unapoingia baharini. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, na bahari ilikuwa inayapokea bila haraka, nyekundu ikiingia ndani ya buluu hadi usijue moja inaishia wapi. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akiokota kuni ufukweni maji haya yanatoka wapi. "Bara," akasema, "kwenu huko." Nikajua kwamba ni kweli. Mto wa Ruiru huingia Athi, na Athi ikitembea mno hubadilisha jina kama mtu aliyehama, ikafika pale. Nilichuchumaa nikatia mkono majini. Nilifikiria kwamba pengine tone moja la mtungi wangu lilipita hapa zamani. Kisha nikafikiria mitungi yote ya Ijumaa ambayo haikupita, na nikaona jinsi jambo lililozuiwa lisivyoacha alama yoyote. Ukisimama mdomoni mwa mto huwezi kuonyesha kwa kidole kitu ambacho mtu fulani alikataa kukifanya. Labda ndiyo sababu watu wa namna ya Fundi huzikwa na watu wa mtaa tu. Kazi yao kubwa haionekani.

Sitawadanganya. Ruiru ya leo ni maghorofa mahali palipokuwa na kahawa, na mto umebeba mengi kuliko oili ya gereji. Mtu mmoja na faneli ya chupa hakuuokoa. Lakini nilipopita juzi niliona gereji mbili jirani zikikinga oili kwa karai, na mafundi wake ni vijana wasiojua desturi hiyo ilianzia wapi. Mmoja aliniambia, "Hapa ndivyo hufanywa."

Tulimzika Mugutha Ijumaa, siku yake ya mitungi. Watu walisema mazuri. Kisha jirani mmoja akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mwangalifu mno, "ingawa hata yeye kuna siku alituchafulia bonde," na watu wakacheka kwa upendo. Kicheko kile kilinichoma. Doa pekee katika maisha yake yote lilikuwa langu, na alikuwa anaingia nalo kaburini.

Yule mama nilimkuta karibu na hema, sasa ni shosho, bibi kizee mwenye mkongojo. Nilimwambia yote bila kupumua.

"Nilijua si yeye," akasema. "Alikuwa Murang'a. Nduma za kula njiani ni mimi nilimpa. Ulifikiri sikumbuki?"

"Na hukusema, shosho?"

"Yeye alikuwa amechagua kukuweka. Mimi nimfukuzie mtu wake?" Alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye ndevu zangu zenye mvi. "Wewe kijana, nduma zangu umewahi kula?"

"Hapana."

"Miaka hiyo yote unaogopa nduma." Akacheka hadi akashika mkongojo kwa mikono miwili.

Baada ya mazishi nilimsindikiza hadi kwake. Chemchemi bado ipo, ndogo, imezungukwa na kuta za majirani, na maji yake unaona hadi chini. Alichemsha nduma, akanimenyea moja, nikaila nikiwa nimesimama. Ilikuwa tamu kwa namna ya vitu visivyo na haraka. Kuumwaga ule mtungi kulinichukua dakika moja. Kuurudisha kulimchukua yeye asubuhi nyingi za kula mbele ya watu. Nimejifunza kwamba dunia hutengenezwa hivyo, kwa kifungua kinywa cha mtu na kwa karai chini ya gari, na kwamba mtu anaweza kuanza mahali popote alipo. Mimi mahali pangu ni safu hii. Basi waliokuwa mazishini wasome: siku ile bonde lilipochafuka, Fundi hakuwapo. Ni mimi niliyemwaga.