Vioja vya Wakati wa Kubadilisha Mkanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilibebeshwa shuka. Nasema shuka kwa sababu ndivyo nilivyoliona. Kumbe lilikuwa pazia la sinema, na Bwana Sinema, mkubwa wangu, aliponisikia nikiliita hivyo alinitazama kama mtu aliyeuziwa punda mgonjwa. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, maana ng'ombe wa baba hawakuwa na likizo. Akasema basi, beba.

Lilikuwa gari la sinema la serikali. Tulizunguka nalo kutoka Bariadi kwenda Nkoma, Lagangabilili, hadi Kimali, tukionyesha filamu za namna ya kunyunyizia pamba dawa na kuchemsha maji ya kunywa. Vijana wa leo hawajui, kwa hiyo nieleze. Filamu ilikuwa utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati. Projekta yetu ilikuwa moja, na gurudumu likiisha unawasha taa, unalitoa, unafunga jingine. Hapo ndipo watu wanakumbuka kwamba wameacha mbuzi nje. Wakiondoka hawarudi.

Dawa ya Bwana Sinema ilikuwa vioja. Mimi nafunga gurudumu, yeye anashika kipaza sauti na kueleza mambo yaliyowahi kutokea duniani. Kwamba zamani, huko Roma, Papa mmoja alifukuliwa kaburini, akavalishwa mavazi yake, akakalishwa kitini na kusomewa mashtaka, na shemasi akasimama kando kumjibia maiti. Katekista wa Nkoma aliondoka kwa hasira, kisha akarudi kusikia hukumu. Kwamba mchekeshaji mkubwa wa sinema zisizo na sauti aliibwa akiwa ndani ya jeneza, na wezi wakampigia simu mjane wake wakitaka fidia. Kwamba Australia jeshi lilitumwa na bunduki za rashasha kupigana na ndege wakubwa mfano wa mbuni waliokuwa wakiharibu ngano, na ndege wakashinda. Hiyo ya ndege, mzee mmoja wa Kimali aliifikiria sana, halafu akauliza wale askari waliporudi nyumbani wake zao waliwapokeaje.

Bwana Sinema aliyatoa mambo hayo kwenye vitabu na majarida ya misheni. Sauti ilipomwishia akanikabidhi kipaza sauti na sheria moja. "Kioja usitunge. Wasukuma hawa wametunga uongo tangu wanachunga ndama. Watakujua." Sikutunga. Nilimfuata mwalimu mstaafu anisomee na kunifafanulia, nami nikashika kwa kichwa. Wenye vyeti waliandika wakasahau.

Kisha uchumi ukafunguliwa. Serikali ikasema kila kitu kijilipie, na sinema ya kuchemsha maji haijawahi kumlipa mtu. Gari likaegeshwa nyuma ya ofisi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Bwana Sinema akapunguzwa kazi akaenda kwao, nami nikaajiriwa na mtu ambaye jana yake tu alikuwa anauza mafuta ya taa kwa kopo. Sasa alitaka aitwe Mkurugenzi. Alikuwa na televisheni, deki ya video, jenereta, mabenchi, na leseni ya kununua pamba.

Kwake nilifasiri filamu za Kihindi na za Kichina bila kujua hata salamu zao. Mtu akipigwa, uso wake hauhitaji kamusi. Deki nayo nilijifunza mwenyewe: ina kichwa kidogo ndani kinachosoma kanda, kikishika vumbi picha inajaa chenga, unakifuta kwa spiriti na pamba laini. Na kanda ikiisha, wakati wa kuweka nyingine, nikasimulia vioja. Watu walikuja kwa vioja. Mkurugenzi alilijua hilo, akaendelea kukusanya viingilio.

Sasa mjomba wangu. Alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, upande wa Wagalu, huko Nkoma; Wagalu na Wagika ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, mahasimu tangu zamani. Kila mwaka baada ya kuvuna Wagalu na Wagika hukutana uwanjani, hawa mwisho huu, wale mwisho ule, na wote wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna hakimu wa kalamu. Mwamuzi ni umati: ngoma iliyozungukwa na watu wengi imeshinda. Manju akishindwa mara kwa mara wachezaji wake humhama, na manju asiye na wachezaji ni mkulima tu anayepiga kelele. Mjomba alikuwa ameshindwa misimu miwili, kwa sababu Wagika walipata mtu wa kuingiza kichwa cha chatu mdomoni. Akishindwa wa tatu, amekwisha. Hilo lilijulikana mpaka kwa wanawake kisimani.

Mkurugenzi akaniambia tunakwenda Nkoma siku hiyohiyo ya mashindano, na pikapu, televisheni na mzani wa kununulia pamba. Watu wote watakuwa kule, sisi tubaki Bariadi tuwaonyeshe nzi? Nikamweleza habari ya mjomba, taratibu, kama mtu anayeomba.

"Hili ni soko huria," akasema. "Mjomba wako naye ashindane."

Tukaegesha katikati ya uwanja. Mchana ule, jua lile, hata ukifunika televisheni kwa turubai huoni kitu. Kilichobaki ni mdomo wangu, na mdomo wangu ulikuwa umesomea kazi hiyo. Nikaanza na Papa. Watu wa pembeni wakasogea. Nikaja na ndege wa Australia, wakamwacha chatu na mwenye chatu. Nikatazama upande wa mjomba, nikaona wamebaki watoto na ndugu zake.

Nikatoa kioja kikubwa nilichokuwa nacho. Nikasema Ulaya, karne nyingi zilizopita, katika mji mmoja mwanamke alianza kucheza barabarani bila ngoma wala sherehe. Wakamfuata wengine, kisha mamia, wakicheza mchana kutwa, siku baada ya siku, wakianguka na wengine kufa. Wakubwa wa mji wakaona dawa ni kuwaletea wapiga muziki ili wacheze mpaka yaishe. Wakazidi kufa.

Hata ngoma ya mjomba ilinyamaza, maana naye alikuwa anasikiliza.

Halafu akaanza kuimba, yeye peke yake, bila ngoma. Alitunga palepale, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ni hivi: "Wa Ulaya walikufa wakicheza. Ninyi mtakufa mmekaa, mkitazama sanduku, na mtoto wa dada yangu atawatangaza." Wachezaji wakaupokea. Mtu wa kwanza aliyecheka alikuwa amesimama karibu nami, akaenda, na umati ukamfuata kama ng'ombe walionusa maji. Wagika nao waliacha chatu wao wakaja kusikiliza. Nilibaki mimi, jenereta na mzani.

Mkurugenzi alinifukuza papo hapo, mbele ya watu. Mjomba akaja jasho likimtiririka.

"Mwipwa wangu," akasema, "nimekumwagia unga wako. Njoo ukae kwangu, uniletee habari za dunia, mimi nizitie wimbo."

Nikamjibu kwamba kioja ni changu, na mimi si mbeba habari wa mtu. Sijutii. Nilianzia kubeba, nisingerudi kubeba. Niliuza ndama watatu, nikafungua kibanda changu cha video, na sikuwa na mkubwa tena mpaka nilipostaafu.

Lakini mnaodhani mjomba alishinda, sikilizeni. Wimbo ule uliimbwa msimu mmoja. Vijana wake wakanunua redio kaseti, wakauimba kidogo, wakachoka. Kampuni za pamba zikaleta magari ya muziki. Wachezaji wakamhama mmojammoja bila yeye kushindwa uwanjani hata mara moja. Hakuna aliyemshinda, uwanja wenyewe uliondolewa chini ya miguu yake.

Mwisho akawa anakuja kibandani kwangu. Anakaa benchi la nyuma, mkongojo katikati ya magoti, hatazami picha. Anangoja nibadilishe kanda nimsikilizishe kioja. Sasa kila mjukuu anavyo vioja kwenye simu, nusu yake uongo wa mtu aliye chumbani kwake, na hakuna anayemwuliza mzee kama ni kweli. Mjomba aliuliza. Siku moja, kanda imeisha, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wale wa Ulaya," akasema, "waliosalia. Walipoacha kucheza, waliishi vipi?"

Nilikwenda kwa yule mwalimu mstaafu. Tukatafuta, na baada ya mwalimu kufa nimewauliza mapadri, nimewauliza vijana wenye simu. Waliokufa wameandikwa. Waliosalia hakuna aliyewaandika. Mjomba alizikwa Nkoma bila kupata jibu, nami nimestaafu sinalo.