Mhandisi Aliyetoka Mvua Inapoanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na shati jeupe. Nilidhani kujenga barabara ni kusimama kando na kunyoosha kidole. Msimamizi wa kikosi akanitazama juu mpaka chini, akanikabidhi sepetu, akasema, "Karibu, bwana harusi." Jina hilo likaniganda mpaka nastaafu.

Nilianzia Kinondoni, kikosi cha viraka. Nyie vijana mnadhani kiraka ni kumwaga lami shimoni na kuipigapiga. Thubutu! Shimo unalikata pembe nne mpaka ufike penye ugumu, unalifagia, unalikausha, unanyunyizia lami nyepesi ya kushikisha, ndipo unaweka lami ya moto na kuishindilia kabla haijapoa. Ukiruka hatua moja, mvua ya kwanza inakuumbua.

Baadaye nikahamishiwa Temeke, chini ya Mhandisi wa Matengenezo, mama mmoja mfupi, mkali kwelikweli. Siku moja alimkuta mwenzetu akiosha toroli kwa dizeli juu ya lami tuliyoitandika asubuhi. Dizeli inayeyusha lami, ndiyo maana mbele ya magereji barabara huharibika upesi. "Umefua nguo, umeanika," akamwambia, "sasa unazitupia tope?" Tangu hapo tukaoshea maji ya sabuni, tena pembeni.

Ila kilichonifanya nimpende ni gambuti zake. Mvua ikianza, wakubwa wengine wanakimbilia ofisini, yeye anavaa gambuti anatoka. "Twendeni tukaone maji yanapita wapi." Alitufundisha kwamba jua huikausha lami mpaka inakakamaa na kupata nyufa nyembamba. Maji yakituama, yanazama humo na kulainisha kifusi cha chini. Lori likipita, chini hakuna kitu, lami inabonyea. Mnalaumu lori bure, mtaro ndio ulioziba.

Kisha ikaja barabara ya zahanati, huku Chamazi. Wajawazito walikuwa wanapelekwa kwa bodaboda kwenye tope, wengine wanajifungulia njiani. Watu waliingoja lami ile kwa hamu. Siku moja kabla ya uzinduzi, mvua ikanyesha, kifusi kikaloa chepechepe. Malori ya lami ya moto yalikuwa yameshafika, na mkuu wetu wa idara akaja mbio.

"Tandikeni! Kesho mgeni anakata utepe."

Mama, mhandisi wetu, akakanyaga kifusi kwa kisigino, maji yakachuruzika. "Mzee, nikitandika leo, masika yataing'oa. Wale kina mama warudi kwenye tope?"

"Ukikataa, cheo huna."

"Basi sina," akasema, akageukia madereva. "Geuzeni."

Loo! Sikuwahi kuona mtu akisimama vile. Utepe haukukatwa. Mama akahamishiwa stoo, akastaafia humohumo. Sie tukachimba mtaro kwanza kama alivyotuelekeza, tukasubiri kifusi kikauke, ndipo tukatandika. Yeye hakualikwa kuja kuiona. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Sasa mie ni mstaafu, nimejenga hukuhuku Chamazi. Barabara ile ipo, nzima, wala haina kiraka. Ila wenye maduka hawakomi kujaza kifusi mtaroni ili wateja wavuke, na wengine wanatupa takataka humo. Basi mvua ikianza natoka na sepetu yangu. Majirani wananicheka: "Babu, si ulishastaafu wewe?" Mwili umestaafu, macho hayajastaafu.

Masika haya nikatoka kama kawaida. Karibu na zahanati nikamkuta mtu ameinama mtaroni, jembe mkononi, gambuti miguuni. Akainua uso. Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, bwana harusi. Umechelewa."

"Umetoka kwako Segerea na mvua hii?"

"Sasa jua likiwaka nitayaona maji?"

Nikacheka, machozi yakanitoka, mvua ikanisitiri. Bajaji ikatupita, mjamzito ndani ameegemea bega la mama yake. Maji yalikuwa mtaroni, barabarani hakuna dimbwi, bajaji haikuyumba hata kidogo. Mhandisi wangu aliifuata kwa macho mpaka ikaingia getini kwa zahanati.

Kisha akanionyesha mfuko uliokwama mtaroni mbele yetu.

"Na huo utoe," akasema.