Bastola Mbili Juu ya Paa la Tembe

Jirani yangu pale Dongobesh alikuwa askari polisi mstaafu, na tangu tufahamiane tulikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: bastola ipi ya kuaminika, yake au yangu. Yake ilikuwa ya zamani, ile ya gurudumu, ambayo risasi hukaa kwenye matundu na gurudumu linazunguka kila unapofyatua. Yangu ilikuwa ya magazini. Mimi ni daktari wa mifugo. Serikali ilinileta huku kutoka Mtwara nikiwa bado msichana, nikaolewa hapa, baadaye nikaacha ajira na kufungua duka la dawa za mifugo. Leseni ya silaha niliiomba kwa sababu ya wanyama wenye kichaa. Mbwa wa namna hiyo huwezi kumsogelea na sindano.

Polisi walituruhusu kufanya mazoezi kwenye shimo la zamani la moramu nje ya mji. Nilikuwa nikifika namkuta mzee ameshapanga makopo yake kwenye ukingo wa udongo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, daktari. Umekuja na cherehani yako?"

Aliita bastola yangu cherehani kwa sababu ya wingi wa vipuri vyake. Na kweli ilikuwa inasumbua. Wakati mwingine nilifyatua nikasikia tiki tupu, bila mlio. Wakati mwingine ilipiga vizuri, lakini ganda la risasi iliyokwisha kutumika halikuruka nje, likasimama wima pale kwenye dirisha lake limebanwa. Mzee ndiye aliyenifundisha la kufanya. Ikitoa tiki tupu mazoezini, iache imeelekea kwenye udongo kwanza, maana risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Kisha gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta kifuniko cha juu mpaka mwisho, kiachie kirudi chenyewe. Ganda likikwama, chomoa magazini, vuta tena na tena mpaka uchafu wote utoke, halafu anza upya. Tuligundua kwamba magazini mojawapo springi yake ilikuwa imechoka. Nikaagiza nyingine Arusha. Haikuwa imefika.

"Yangu haina magazini, haina springi ya kuchoka," mzee alikuwa akisema. "Tundu hili likigoma, unafyatua linakuja jingine. Basi."

Hata mimi niliamini hivyo.

Simu ilikuja asubuhi moja ya masika, nikiwa nafungua duka. Alikuwa mfugaji wa upande wa Balangdalalu, mteja wangu, na alizungumza kwa kukata maneno kama mtu anayekimbia. Fisi ameingia nyumbani kwa kaka yake mchana kweupe. Ameuma ng'ombe, ameuma mbwa, kaka yake ameumwa. Sasa yuko ndani ya nyumba na mke wa kaka yake yumo humo na mtoto mchanga. Afisa wanyamapori wamempigia, gari lake limenasa kwenye tope upande wa pili wa wilaya.

Nilipita kwa mzee. Alivaa koti, akachukua bastola yake, akapanda gari. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, na njia nzima yule mfugaji alikuwa akipiga tena na tena. "Mmefika wapi? Daktari, mmefika wapi?" Mwishoni nilimpa mzee simu kwa sababu nilishindwa kuendesha huku nikiisikia sauti ile.

Nyumba ilikuwa tembe, fupi, paa lake la udongo likiwa bapa. Ilikuwa na vyumba viwili: cha mbele wanakolala ndama, na cha ndani. Wanaume walikuwa wameziba mlango wa nje kwa matawi ya miiba. Fisi alikuwa chumba cha mbele. Mwanamke alikuwa cha ndani, amesukumiza kitanda na jiwe la kusagia kwenye kilango cha fito, na tulimsikia akiita kwa lugha yake, sauti imekauka.

Mume wake alinijia na mkuki mkononi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umefungwa kanga iliyolowa damu. Alikuwa amejaribu kuingia kwa mlango ule mfupi akiwa ameinama, na fisi akamdaka shavuni.

"Umeosha hicho kidonda?" nilimuuliza.

"Bado."

"Leteni maji na sabuni. Kaa chini uoshwe sasa hivi, na usiache mpaka nikwambie."

"Nitaosha akitoka."

"Baba, sikiliza. Mate ya huyo mnyama ndiyo yatakayokuua, siyo jeraha."

"Mke wangu yuko ndani, daktari," alisema, kama vile sikuwa nimeelewa. "Nitaosha akitoka."

Nilimwomba, nikamkaripia, nikamwomba tena. Alinipa kisogo akarudi kwenye mlango wa miiba, akaanza kuongea na mke wake kupitia ukutani.

Kupiga risasi kutokea mlangoni hakukuwezekana. Zile fito za ndani zisingezuia chochote, na nyuma yake kulikuwa na mama na mtoto. Mzee alitazama paa, akasema lazima tupige kutoka juu kwenda chini, risasi iishie ardhini. Tukapanda. Kwa mikono na jembe tulitoboa udongo na kung'oa vijiti mpaka mwanga ukaingia chumba cha mbele. Fisi alikuwa pale, anazunguka, taya limelegea na mate yananing'inia. Alitazama juu kwenye mwanga bila kuonyesha kwamba ametuona.

Mzee alipiga magoti kwenye tundu. Alikuwa na bastola ya kuaminika, kwa hiyo alianza yeye. Risasi ya kwanza ilimpata fisi begani. Fisi akalia, akajirusha kwenye kilango cha fito, na mwanamke ndani akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia nikiwa nafanya mambo mengine kabisa. Mzee akafyatua tena. Hakukuwa na mlio wala tiki. Kidole chake kilivuta, gurudumu halikusogea.

"Haizunguki," alisema.

Alijaribu kuifungua, haikufunguka. Aliigonga kwenye goti. "Daktari, haizunguki!"

Nilimsukuma pembeni nikalala kifudifudi. Fito zilikuwa zinavunjika. Nikalenga mgongo wa fisi, nikafyatua.

Tiki.

Sikusubiri kama mazoezini. Nikagonga magazini, nikavuta, nikafyatua, ikapiga. Fisi aliyumba miguu ya nyuma lakini kichwa chake kilikuwa kimeshapenya kwenye fito. Nikafyatua tena, hakuna kitu. Ganda lilikuwa limesimama dirishani. Mume kule chini alikuwa anapiga kelele: "Piga! Piga! Kwa nini hupigi?" Nikavuta magazini itoke, haikutoka, risasi iliyofuata ilikuwa imebanwa chini ya ganda. Nilivuta kwa nguvu zote mpaka ukucha ukang'oka. Nililia huku nikivuta. Magazini ikachomoka, nikarudisha kifuniko nyuma mara kadhaa, ganda likadondoka kwenye udongo, nikapachika tena, nikashusha mkono wote ndani ya tundu mpaka begani, mdomo wa bastola ukielekea chini kwenye shingo ya yule mnyama. Ikapiga. Akaanguka na hakuinuka.

Mwanamke alitokea amembeba mtoto kwenye ngozi. Hawakuwa na jeraha, ila mikono yake ilikuwa na michubuko na mate yalikuwa yamerukia kwenye fito alizozishika. Mume alimshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akakaa chini mwenyewe mbele yangu na kufungua kanga.

"Haya," alisema. "Osha."

Nikaosha kwa muda mrefu sana.

Zahanati ya kwanza chanjo ilikuwa imekwisha. Ya pili walikuwa na friji tupu na mhudumu aliyeona aibu kutuambia. Tukapata hospitalini, mbali, jua linazama. Walichomwa chanjo wote watatu. Muuguzi, mama wa makamo aliyeletwa kazini kutoka mkoa mwingine kama mimi, alinivuta kando.

"Dada, jeraha liko usoni, karibu na ubongo. Na saa zimepita. Tumuombee."

Kabla chanjo hazijaisha, yule mume alianza kuumwa. Nilipofika wodini alikuwa amefunikwa kanga ili asione kikombe, maana kuona maji tu kulimkaba koo. Alinitambua. Aliniomba nimwambie mke wake asimlete mtoto pale. Nilimwambia. Alikufa siku iliyofuata.

Bastola ya mzee ilifunguliwa na fundi mwenye kibali, Arusha. Risasi zilikuwa za zamani. Mshtuko wa ile ya kwanza ulifanya kichwa cha risasi nyingine kisogee mbele kutoka kwenye ganda lake na kuzuia gurudumu. Fundi alituambia silaha ya namna ile hukwama mara chache, lakini ikikwama huwezi kuikwamua papo hapo. Yangu hukwama mara nyingi, na hukwamuka. Mzee alisikiliza, akashukuru. Ubishi wetu ukaishia hapo. Aliirudisha yake polisi. Mimi nilibadilisha springi zote, nikatupa risasi zilizobaki kwa utaratibu wa polisi, na usingizi haukurudi haraka.

Mwanamke na mtoto wake walimaliza chanjo zote na wako hai.

Baada ya mavuno nilimwona amesimama mbele ya duka langu. Alikuwa ametoka Balangdalalu na mbwa wa boma lake na wa majirani, amewafunga kamba shingoni, wamechoka na ndimi nje. Kiswahili chake ni kidogo. Alinisalimia, akaninyooshea kamba zote.

"Hawa," alisema. "Wachome hawa wote."