Muuza mishipi wa Tipton na maroli yaliyokaa dirishani

"Hajazaliwa mtu wa kunidanganya kwa mshipi wa kuvulia," anasema Neville Thrupp, huku akichota funza wa chambo kwa kopo na kuwamimina kwenye kidebe cha mteja. "Nipe wowote ule, nifumbe macho, niupitishe kati ya vidole. Nitakwambia una nguvu kiasi gani, na kama bei yake ni wizi."

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, katika duka la vifaa vya uvuvi kando ya mfereji mjini Tipton. Foleni ina watu wanane, kila mmoja na chupa ya chai na kiti cha kukunja, na wote wana haraka ya kwenda kuvua samaki watakaowarudisha majini. Huku unamvua, unampima, unamsifia, unamwachia aende zake. Mwenye njaa ana duka la chipsi pale kona.

Neville, 54, ana miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii. Alianzia kiwanda cha minyororo, kikafungwa. Hapa analipwa pauni mia nne na ishirini kwa wiki, na funza wawili watatu humfuata nyumbani mfukoni bila malipo, jambo ambalo mkewe ameacha kulicheka.

Anachotafutiwa na watu ni ushauri. Akiona mteja ameshika kiroli kidogo cha mshipi wa jina kubwa, cha pauni kumi na mbili, humnyang'anya kwa upole na kumpa roli kubwa la mita mia sita kwa pauni tano.

"Jina halivuti samaki," anasema. "Nunua mshipi wa bei nafuu uliotengenezwa karibuni, utumie msimu mmoja, utupe. Pesa iliyobaki nunua uzi mzuri wa kufungia ndoana, mwembamba na dhaifu kidogo kuliko mshipi mkuu."

Kwa nini dhaifu? Hapo Neville huacha utani. Samaki akizidi nguvu, ni lazima kikatike kile kipande cha mwisho, aondoke na ndoana tu. Ukikatika mshipi mkuu, anaondoka na kila kitu: boya, risasi za kuzamishia na mita kadhaa za mshipi, akiviburuta mpaka vinase kwenye mimea na kumfunga kama mbuzi. Kwa wavuvi wa hapa, hakuna aibu inayopita hiyo.

Na aibu hiyo imempata mama wa watu, Beryl Tranter.

Bi Beryl, 71, aliosha mabasi miaka thelathini. Tangu astaafu, kila Jumanne alikuwa na kiti chake namba tisa kwenye bwawa la chama cha wavuvi, mbele ya mayungiyungi. Julai iliyopita alimnasa Winifred, samaki aina ya tenchi wa ratili saba, mnene, wa kijani, mwenye vijicho vyekundu, ambaye kila mwanachama humzungumzia kama shangazi yake. Mshipi ukakatika juu kabisa, karibu na ncha ya ufito wa kuvulia. Boya jekundu likatoweka.

Siku mbili baadaye mlinzi wa bwawa, Garfield Pinnock, aliliona likicheza katikati ya mayungiyungi. Akaingia maji ya kifua na kimia chake. Winifred alikuwa amefungwa na mshipi kwenye shina la yungiyungi kama furushi, mdomo umechanika, lakini mzima.

Kamati ya chama ilimwita Bi Beryl na kumuuliza alikuwa amefunga nini. Alijibu kwamba alifunga alichouziwa. Ndipo wajumbe wakamgeukia mtaalamu, naye Neville, mjumbe mwenzao, alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka dirishani.

"Niliwaambia pengine hakulowesha fundo kabla ya kulikaza," anasema Neville. Kopo la funza limesimama hewani. "Fundo kavu hujichoma kwa msuguano likikazwa. Kila mtu anajua. Wakatikisa vichwa. Wakamfungia kuvua bwawani mpaka Machi."

Foleni imeisha. Wamebaki wateja wawili wanaobishana kuhusu viti. Dirisha la mbele la duka limebandikwa magazeti ya zamani ndani kote. Anapoulizwa sababu, Neville anatazama mkate wake wa bekoni, kisha anausogeza kando.

Ni yeye aliyepamba dirisha hilo majira ya machipuko. Alipanga maroli ya mshipi mkuu kama piramidi, kwa sababu jua la mchana likiyapiga yaling'aa kama glasi. Watu walisimama kuangalia. Yakakaa pale wiki kumi na moja.

Mshipi wa nailoni hulindwa na giza. Jua huula polepole, bila kuugeuza rangi wala kuupunguza unene, hata vidole vya mtaalamu visihisi chochote. Neville analijua hilo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Lakini alipobomoa piramidi, aliyatia maroli yote kwenye kapu karibu na mashine ya pesa na kuandika kwa mkono wake: NUSU BEI. Bi Beryl alichukua moja. Neville alimsifu kwa kujua kununua.

Kwa hiyo kipande kilichopaswa kuwa dhaifu ndicho kilichobaki na nguvu, na chenye nguvu kikawa kimeoza.

"Nilijua usiku uleule wa kikao," anasema kwa sauti ya chini, masikio yamemwiva. "Nilirudi nikapima maroli yaliyobaki kwa mizani. Yaliyoandikwa ratili nne yalikatika kwa ratili moja na nusu. Nikayatupa. Nikabandika magazeti. Watu wananiita mtaalamu, nami naitika."

Kukiri kwake kunaishia hapo kaunta. Mpango wake, anasema, ni kuiambia kamati ukweli, mambo yakitulia kidogo. Pengine Krismasi ikipita.

Kengele ya mlango inalia. Ni Bi Beryl, amevaa koti la mvua la njano, mkoba mkononi. Anasema sasa anavua mferejini, ambako hupati tenchi ila mara mojamoja unapata baiskeli. Anataka mshipi mpya.

Neville anamchagulia haraka, wa kutoka droo ya chini kabisa, penye giza. Wale wateja wawili wameacha ubishi, wanaangalia. Pengine ni mazoea, pengine ni woga. Maneno yanamtoka yenyewe.

"Ila ukumbuke kulowesha fundo, Bi Beryl."

Bi Beryl anafungua mkoba, anatoa roli lake la Julai na kuliweka kaunta. Upande mmoja wa karatasi iliyobandikwa juu yake ni wa buluu. Upande wa pili umepauka mpaka ukawa mweupe.

"Hebu nifungie wewe, Neville mwanangu. Hapo hapo, kwenye ndoano ya mizani. Na fundo uliloweshe vizuri."

Neville anavuta yadi moja ya mshipi na kufunga fundo. Analitia mdomoni, analilowesha kwa mate kama anavyomfundisha kila mtoto wa Tipton, analikaza taratibu. Kisha anavuta. Mshipi unakatika kama tambi mbichi, shibiri mbili juu ya fundo. Mshale wa mizani haukufika hata ratili mbili. Fundo lenyewe limebaki kwenye ndoano, zima.

"Limelowa?" anauliza Bi Beryl.

"Limelowa."

"Nimeosha mabasi miaka thelathini. Kiti kilichokaa upande wa jua nakijua kwa kupauka kwake. Tangu Julai nakusubiri uniambie mwenyewe."

Analipia mshipi mpya, anahesabu chenji, anaufunga mkoba. Roli la zamani analiacha palepale kaunta.

"Kamati ni Alhamisi, saa moja jioni," anasema akiwa mlangoni. "Uje nalo."